Mwenye Nyumba na Mfinyanzi

Mwaka 1932 Kenneth Clark na mkewe Jane waliwaagiza wachoraji wawili wa Uingereza, Vanessa Bell na Duncan Grant, wawapambie seti ya sahani za kulia chakula nyumbani kwao. Clark alikuwa hajatimiza hata miaka 30, ni msimamizi wa sanaa katika makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford, na fedha zake zilikuwa za urithi, tunda la viwanda vya nyuzi vya ukoo wake huko Scotland. Alichotarajia ni urembo wa kujiachia: maua, mawimbi ya rangi, mikono miwili hodari ikicheza juu ya sahani nyeupe za kiwanda cha Wedgwood. Alicholetewa ni wanawake. Sahani 50, kila moja na sura ya mtu katikati na nakshi pembezoni: malkia 12, waandishi 12, warembo 12, wacheza dansi na waigizaji 12, kisha sura mbili za wachoraji wenyewe, Duncan akiwa mwanamume pekee katika karamu nzima. Sappho yumo, Murasaki wa Japani yumo, Malkia wa Sheba yumo, yumo Pocahontas, yumo Greta Garbo, na yumo Virginia Woolf, mdogo wake Vanessa. Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha kumbukumbu zake, Clark aliandika waziwazi kwamba kazi ilitoka tofauti na walivyotarajia yeye na mkewe. Hata hivyo waliipokea, wakakaa nayo.

Sahani hizo zinaonyesha, kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua, ni nini hasa mtu anachokifanya anapoagiza kazi ya udongo kwa ajili ya nyumba yake. Anayenunua chombo dukani huamua akiwa amekishika. Hukigonga kwa ukucha asikie mlio wake, hukigeuza atazame kitako, akiridhika hutoa fedha. Anayeagiza hutoa fedha, au ahadi ya fedha, kwa kitu ambacho bado hakipo duniani. Na udongo humzidishia mashaka. Mchoraji wa turubai anaweza kufuta pua akaichora upya mteja akiwa amesimama pembeni. Mfinyanzi hana ruhusa hiyo. Udongo ukikauka na kuchomwa husinyaa, mara nyingi kwa sehemu moja ya kumi hivi ya kipimo chake, kwa hiyo kigae kilichokatwa kwa sentimita 30 huweza kutoka tanurini kikiwa na 27. Rangi ya kung'arisha, ile inayogeuka kioo motoni, hupakwa ikiwa uji uliofifia usiofanana na kitakachoonekana, na sura yake ya kweli hujulikana tanuri likishapoa. Chombo kinaweza kupinda, kupasuka kitako, au kutoka na wekundu ambao hakuna aliyeutaka. Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga, na walijua kwamba ukishapita motoni hakuna tena mjadala.

Kwa hiyo nasema hivi: mwenye nyumba anayeagiza kazi ya udongo hawezi kuagiza matokeo. Anachoweza kuagiza, na anachopaswa kukitolea jasho, ni nafasi ambamo kazi hiyo itaishi: ukuta upi, meza ipi, mwanga wa saa ngapi, ukubwa gani, itashikwa au itatazamwa tu, itagharimu kiasi gani, itakamilika lini. Akishaiweka nafasi hiyo sawasawa, sauti yake inapaswa kupungua. Jane na Kenneth Clark waliweka meza, waliweka sahani, waliwachagua watu wawili ambao mikono yao ilikuwa ikijulikana kwa miaka mingi. Yaliyobaki waliyaacha kwa wenye kazi. Lau wangepeleka mchoro wa maua na kudai maua, leo tungekuwa na seti nyingine nzuri ya maua, na dunia haina uhaba nazo. Badala yake kuna meza ambapo malkia wa Biblia anakaa na nyota wa sinema, na mwaka 2018 sahani hizo, baada ya kupita mikononi mwa watu binafsi kwa miongo mingi, zilifika Charleston, nyumba ya mashambani ya Vanessa na Duncan huko Sussex ambayo sasa ni makumbusho.

Waungwana wa Pate na Lamu walilijua nusu ya jambo hili vizuri ajabu. Katika nyumba zao za mawe za karne ya 18, chumba cha nyuma, kile kiitwacho ndani, kilikuwa na ukuta wa vidaka, au zidaka kama wasemavyo Waamu, safu juu ya safu, kila kimoja na upinde wake mdogo na kingo zake zilizonakshiwa. Utazame ukuta huo kwa karibu. Chokaa ilichomwa kutokana na matumbawe, ikalowekwa, ikaachwa ikomae, kisha ikapigwa ukutani tabaka juu ya tabaka, na fundi akaichonga kabla haijashupaa. Chumba chenyewe ni chembamba, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazifiki mbali. Upana wa chumba hauzidi sana mita mbili na nusu au tatu. Hakina dirisha la kutazama njia. Mwanga huingia kutoka kiwandani, yaani ua wa nyumba, unapita msana wa kwanza na wa pili, zile kumbi nyembamba zinazotangulia, na ukifika ndani umeshachoka. Katika nusu giza hiyo vilivyobaki kung'aa ni viwili: chokaa nyeupe iliyolainishwa, na kauri ya China ya bluu na nyeupe iliyokaa ndani yake. Fundi aliyechonga upinde ule alikuwa akifanya hesabu ya kivuli. Alijua kwamba bakuli likiwekwa juu ya meza tupu hupotea, na likiwekwa ndani ya kina cha ukuta, chini ya ukingo uliochongwa, jicho hulifuata lilipo.

Mwenye nyumba wa Pate, hata hivyo, hakuweza kuzungumza na mfinyanzi wa Jingdezhen. Chombo kilifika na chombo cha bahari, kimekwisha kuwa kilivyo, kimepita mikono ya wafanyabiashara wengi. Alichoagiza yeye ni ukuta. Fedha yake, ushauri wake na ladha yake vyote vilienda kwenye nafasi, na ndiyo maana nafasi ile ilikuwa kamilifu. Mabakuli yaliyopachikwa katika makaburi ya nguzo, kule Kunduchi na Mambrui, yalifuata mantiki hiyohiyo: kauri imetoka mbali, lakini shimo la kuipokea limepimwa hapa na fundi wa hapa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotaka kuonyesha katika utenzi wake, Al-Inkishafi, jinsi Pate ilivyoanguka, aliwataja ndege waliofanya malazi katika vidaka vilivyokuwa vya sahani. Hakuhitaji maelezo zaidi. Kila aliyemsikiliza alijua ni nini kinachopaswa kuwamo, na utupu wa kidaka ulisomeka kama sentensi kamili. Sijui sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa nafasi iliyojengwa vizuri: kwamba hata ikiwa tupu inaendelea kusema ilijengwa kwa ajili ya nini. Kilichokosekana ni nusu ya pili, yaani mazungumzo kati ya mwenye ukuta na mwenye udongo.

Hapa pana pingamizi zito, na historia imelipa ushahidi. Mtu atasema: ukimpa msanii uhuru ndani ya nyumba yako, atakula nyumba. Frederick Leyland, mwenye meli wa Liverpool, alikuwa na mkusanyo wa kauri ya bluu na nyeupe ya China, na miaka ya 1870 alitaka chumba cha kulia chakula katika nyumba yake ya London, 49 Prince's Gate, kitakachoibeba. Msanifu Thomas Jeckyll alimbunia rafu nyembamba za mbao, safu kwa safu, mbele ya kuta zilizofunikwa ngozi ya zamani yenye nakshi; ukiondoa chokaa, ni vidaka vya Lamu vilivyohamia Ulaya. James McNeill Whistler, ambaye mchoro wake ulitundikwa juu ya meko, aliombwa arekebishe rangi kidogo. Leyland akaondoka kwenda Liverpool. Jeckyll akaugua. Kati ya 1876 na 1877 Whistler aliipaka ile ngozi yote rangi ya bluu ya kijani, akajaza tausi wa dhahabu kuanzia madirisha hadi dari, akakaribisha marafiki na waandishi wa magazeti ndani ya nyumba ya mtu mwingine, kisha akadai gini 2,000. Leyland alilipa nusu, tena kwa pauni, kipimo cha kuwalipia mafundi na wachuuzi, si gini waliyozoea kulipwa wasanii. Whistler akajibu kwa kuchora ukutani tausi wawili wanaopigana, sarafu zimetapakaa miguuni mwao. Jeckyll alifariki mwaka 1881 akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Wengi husoma kisa hicho kama onyo dhidi ya uhuru wa msanii. Mimi nakisoma kinyume. Leyland hakumpa Whistler uhuru. Alimwacha bila mipaka, na hayo ni mambo mawili. Hapakuwa na bei iliyokubaliwa. Hapakuwa na mstari kati ya kazi ya Jeckyll na kazi ya Whistler. Hapakuwa na neno kuhusu nini kisiguswe. Mwenye nyumba alinyamaza kabla hajasema lolote la maana, kisha akaanza kusema wakati rangi imeshakauka. Ukimya wa mwagizaji una wakati wake, na wakati huo ni baada ya nafasi kupimwa. Jambo jingine ambalo wasimulizi wa ugomvi ule hulipita ni kwamba walioumia ni pamoja na vyombo vyenyewe: kauri ya bluu ilipowekwa mbele ya kuta za bluu zinazowaka dhahabu, ikageuka pambo la chumba kilichojengwa kwa ajili yake. Nafasi ilimeza kilichopaswa kupokelewa. Na bado, pamoja na hasira yote, Leyland hakukifuta chumba kile. Alikiacha kilivyo mpaka alipofariki mwaka 1892. Mwaka 1904 tajiri Charles Lang Freer alikinunua, kikavuka bahari vipande vipande hadi Detroit, na leo kipo Washington. Aliyedhulumiwa aliona kitu pale ambacho hasira yake haikutosha kukivunja.

Pingamizi la pili ni la kawaida zaidi: anayelipa ndiye mwenye kauli, na kama nataka chura kwenye sahani yangu nipewe chura. Nakubali kabisa, na chura huyo yupo. Catherine wa Pili wa Urusi alipoagiza kwa Josiah Wedgwood vyombo vya kasri lake lililojengwa penye kinamasi cha vyura, aliweka masharti machache: vyombo vya kuwatosha watu 50, mandhari halisi za Uingereza, na chura wa kijani kwenye kila kipande. Vipande 952 vilikamilika mwaka 1774, vikibeba picha zaidi ya 1,200 za makasri, magofu, mito na hata viwanda. Mtawala huyo angeweza kudai chochote. Alidai alama moja na aina moja ya picha, kisha wachoraji wa London wakabaki na kazi ya kuamua ni daraja lipi, ni bustani ipi, ni pembe ipi ya jengo itakayokaa kwenye mpindo wa kifuniko cha bakuli la supu. Masharti yakiwa machache na wazi humsaidia fundi. Humpa ukuta wa kuegemea. Masharti yakiwa mengi yanamgeuza mkono wa kuazima, na mkono wa kuazima hauwajibiki kwa kitu kilichotoka vibaya, kwa sababu kila kosa lina sahihi ya mteja.

Kuna wanaodai kwamba kuagiza kazi kwa ajili ya nyumba ni majivuno tu, mtu kujipamba kwa kutumia mikono ya wengine. Wakati mwingine ni kweli. Lakini tazama kilichofanyika Chatsworth, nyumba ya ukoo wa Devonshire huko Derbyshire, ambapo Duke wa Devonshire na mkewe walimwagiza mfinyanzi Jacob van der Beugel afunike kuta za ushoroba mmoja, kazi iliyokamilika mwaka 2014. Walitaka picha ya familia, jambo ambalo nyumba ile inalo tele: karne kadhaa za mababu katika mafuta na fremu za dhahabu. Mfinyanzi alichukua vinasaba vya Duke, vya mkewe, vya mwana wao na vya mke wa mwana, akavigeuza kuwa alama zilizoinuka na kushuka juu ya vigae 659 vya rangi ya udongo, vyote vimefanywa kwa mkono. Hakuna pua, hakuna joho, hakuna mbwa wa kuwindia miguuni. Mgeni anayepita hawezi kujua kama Duke ni mzuri wa sura. Anaona mistari ya udongo, anayoweza kuipitishia kidole, ambayo katika sehemu kubwa sana ingefanana na mistari ya mwili wake yeye mwenyewe. Majivuno yaliingia mlangoni na udongo ukayavua viatu. Hilo halikutokea kwa sababu wenye nyumba walikuwa wanyenyekevu kuliko wengine. Lilitokea kwa sababu waliweka ukuta na mada, wakamwachia mfinyanzi lugha.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni la haki. Tunazungumzia malkia, duke, mwenye meli, mrithi wa viwanda. Msomaji wa Mwanza au Kisumu anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini, na kama fedha hizo zisingefaa kujenga shule. Sitamjibu kwa kusema kwamba sanaa ni chakula cha roho, maana jibu hilo limeshatumika mno. Nitamjibu kwa nyumba moja ya Nigeria. Mnamo 1950 mfinyanzi wa Kiingereza Michael Cardew, aliyetumwa na serikali ya kikoloni kuendeleza ufinyanzi, alifika katika nyumba ya Emir wa Abuja, Suleiman Barau, katika mji ambao leo unaitwa Suleja kwa heshima ya Emir huyohuyo. Humo aliikuta mitungi ya mwanamke wa Kigwari aliyeitwa Ladi Kwali: mitungi mikubwa ya maji, imejengwa kwa pingili za udongo kwa mkono, imechorwa nge, mijusi na mamba kwa ncha ya kijiti. Emir alikuwa ameiweka nyumbani kwake kama vitu vinavyostahili kutazamwa. Mwaka 1954 Ladi Kwali alijiunga na kituo cha ufinyanzi ambacho Cardew alikuwa amekianzisha Abuja, akiwa mwanamke wa kwanza kuingia humo, na baadaye akaonyesha kazi yake mbali na kwao. Leo picha yake ipo nyuma ya noti ya naira 20. Katikati ya miaka ya 1970 binti aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, Magdalene Odundo, alikwenda Abuja kujifunza kwenye kituo hichohicho.

Anayetaka kujua thamani ya nyumba ile ya Emir aitazame kazi ya Odundo. Hatumii gurudumu. Hupandisha ukuta wa chombo kwa pingili, huukwangua mpaka uwe mwembamba, hupaka tope laini kabisa, kisha husugua kwa jiwe, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka udongo wenyewe unang'aa bila rangi ya kioo. Moto wa kwanza, wenye hewa ya kutosha, hukitoa chombo chekundu cha machungwa. Akitaka cheusi hukirudisha katika moto ulionyimwa hewa, na moshi hufanya kazi yake. Mahali moto ulipopumua hubaki doa la shaba ambalo hakuna mtu angeweza kulipanga. Makumbusho makubwa ya dunia yanazo kazi hizo, na mnadani bei yake imefika laki kadhaa za pauni. Haya yote hayakuanzia kwenye mnada. Mnyororo mmoja wake muhimu unapita sebuleni kwa mtu binafsi aliyeona kwamba mtungi wa jirani yake wa kijijini unastahili mahali pa heshima. Emir yule hakutumia utajiri wa Leyland. Alitumia nafasi na macho.

Sasa tujitazame. Nyumba zinazopanda Goba, Kigamboni, Syokimau na Nyali zimejaa udongo uliochomwa: taili za sakafu, taili za bafu, taili za jikoni hadi darini. Sehemu ya hizo zinatengenezwa hapahapa, katika viwanda vya Mkuranga, Chalinze na Kajiado. Wakati huohuo wanawake wa Kikisi kando ya Ziwa Nyasa bado wanafinyanga na kuviuza vyungu vyao kwenye soko la Matema, na nani anawaagiza kitu kwa ajili ya ukuta wake? Ramani ya nyumba ina mahali pa televisheni, imepimwa kwa inchi, na soketi zake zimepangwa. Mahali pa kazi ya mkono hapana. Itafutwe baadaye, juu ya friji. Tabia ya kuonyesha vyombo hatujaipoteza, maana kabati la vioo lenye seti ya chai ya wageni limekaa katika sebule nyingi kuanzia Tanga hadi Bujumbura, na mwanamke anayelifuta vumbi kila Ijumaa anafanya jambo ambalo mama wa Pate angelitambua. Kilichopotea ni ukuta kujengwa kwa kukusudia. Tunanunua vyombo na kabati pamoja, vyote vimetoka kiwandani, na hakuna hata kimoja kilichomjua mwenzake kabla ya siku ile.

Nasikia jibu: mafundi wetu hawana matanuri ya moto mkali, vyungu vyao vinavuja, vinamomonyoka, vipimo havilingani. Nusu ya malalamiko hayo ni kweli na nusu ni kumuuliza samaki kuhusu kupanda mti. Chungu kilichochomwa kwa kuni na nyasi hupumua, na kwa sababu hiyohiyo maji ya mtungini yanakuwa baridi. Ukikiagiza kikae bafuni kama taili umekosea wewe. Lakini kikiagizwa kikae ukumbini, mahali pakavu, penye mwanga wa upande unaopita juu ya uso wake, udhaifu huo haupo tena. Wafinyanzi wa Kijaluo, wa Kipare na wa Kikisi wana mkono uliozoea maumbo makubwa ya duara, na maumbo hayo ndiyo nyumba za kisasa, zilizojaa pembe na mistari, zinayoyahitaji zaidi. Ama wale waliosomea ufinyanzi wa moto mkali, na wapo, hawawezi kununua tanuri na gesi kwa matumaini. Mfinyanzi hulia gaeni, na ataendelea kulia gaeni mpaka apate kazi ambayo malipo yake ya kwanza yanatangulia moto. Oda moja ya vigae 40 vya ukuta wa ngazi inaweza kumlipia mtu tanuri, na tanuri hilo litachoma sahani za watu wengine kwa miaka.

Mwenye nyumba anayetaka kuanza, basi, asianze na picha aliyoipakua kwenye simu. Aanze na ramani, kabla tofali la kwanza halijalazwa, kwa sababu kidaka cha kuchonga baadaye ni tundu tu. Amwite mfinyanzi na fundi mwashi wakutane ukutani siku moja, mmoja aseme uzito na mwingine aseme ukuta utabeba nini. Karibu na bahari wazungumzie pia chumvi, maana hupanda ndani ya tofali na kusukuma kigae kilichobandikwa vibaya. Aone vipande vya majaribio vilivyotoka motoni, viwili au vitatu, kwenye mwanga wa chumba chenyewe na sio kwenye kibanda cha fundi. Malipo ya awali yatoshe udongo, kuni au gesi, na chakula cha nyumbani kwa mfinyanzi wakati anafanya kazi. Wakubaliane mapema nani anabeba hasara kipande kikipasuka tanurini, na kwa vigae viagizwe vya akiba, kimoja kwa kila kumi hivi, vichomwe pamoja na vingine, kwa kuwa rangi ya moto wa mwakani haitakuwa ileile. Waamue kama kazi inahamishika au imefungwa ukutani: sahani za akina Clark zilinusurika kwa sababu zilibebeka, na chumba cha tausi kilihitaji tajiri wa kukivusha bahari. Kikitoka kitu ambacho mwenye nyumba hakukitarajia lakini kimekaa ndani ya makubaliano, akipokee na akiache mahali pake mwaka mzima, masika na kiangazi, ndipo aseme kama hakipendi. Na jina la aliyekifinyanga liandikwe kitakoni na kwenye karatasi ya mkataba, nakala yake ikae pamoja na hati ya nyumba, ili atakayeinunua nyumba hiyo siku moja ajue ni nini hasa anachokabidhiwa.